Trei la Mayai

Bwana Maeng wa bohari hupiga simu alfajiri,
kabla sijanywa kahawa, kabla sijavaa sura ya mkurugenzi.
"Nakala elfu moja mia sita themanini na nane," asema,
"zimerudi. Niziweke, au nizikate?"

Tulichapa elfu mbili.
Fanya hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuifanya.

Kampuni yangu ni mtu mmoja.
Mimi ndiye mkurugenzi, mhariri, tarishi,
na mimi ndiye ninayejifukuza kazi kila mwisho wa mwezi,
kisha Jumatatu najiajiri tena kwa mshahara uleule wa ahadi.
Ofisi iko Mangwon, juu ya duka la kunyoa mbwa;
vitenzi vingi nimevisahihisha kwa mlio wa mashine
na kilio cha kijibwa asiyetaka kupendeza.

Huko Paju kitabu hulazwa kama mgonjwa,
na kila nakala inalipiwa kitanda.
Sarafu chache tu kwa mwezi, utasema.
Chache mara elfu, mara miezi kumi na minane,
mara baridi ile ya mpakani inayopenya hadi kwenye gundi.
Kitabu hakinywi, hakivai, na bado kinakula.

Mwandishi ni Tak Se-ryeong, mzaliwa wa Taebaek,
mji uliochimba makaa hadi makaa nayo yakauchimba.
Aliandika juu ya baba yake aliyekohoa weusi kwenye leso,
na mama yake aliyezifua leso hizo usiku
ili majirani wasihesabu.
Miaka sita aliandika. Siku nne tulibishana juu ya koma moja.
Alishinda yeye. Koma ile ipo, ukurasa wa mia na tatu,
pale baba anaposimama mlangoni, na haingii.

Wanasema watu hawasomi. Sijui.
Juni niliwaona kwenye maonyesho, foleni hadi barabarani,
vijana na mikoba ya turubai begani,
wakivipiga vitabu picha, wakiligeuza jalada lielekee mwanga.
Binti mmoja alisimama mezani pangu, akasoma aya nzima,
midomo ikicheza. Machozi yakamlengalenga.
Akauliza kama nina stika.

Sikuwa na stika.

Simlaumu. Stika ni won elfu mbili, kitabu elfu kumi na sita,
na chumba anachopanga huenda hakina ukuta wa kubeba rafu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na daftari likipotea, habari yake aiandike nani?

"Kata," nikamwambia Maeng. "Bakiza mia."
Akanyamaza. Huyu amekata kamusi, amekata mashairi,
amekata hata kumbukumbu za mkwewe, jalada gumu,
na jioni ile akaenda kula kwake kama kawaida.
"Karatasi nzuri," akasema mwishowe. "Gramu themanini.
Itatoa trei safi za mayai."

Kwetu mtu akitimiza miaka thelathini wenzake humtania:
umejaza trei. Mayai huuzwa hivyo, thelathini thelathini.
Se-ryeong anajaza lake Novemba.
Sijamwambia. Ujumbe nimeuandika mara tatu na kuufuta.
Mhariri gani huyu, anashindwa na sentensi moja.

Usiku nikanunua mayai dukani kwa Bi Pyo.
Nikayahamishia bakulini, nikaliinua trei tupu kwenye taa,
nikatafuta. Si sisi, najua, sisi bado tuko kwenye lori;
hawa ni wengine, waliotutangulia.
Herufi zetu hujengwa kama vyumba,
ukuta hapa, nguzo pale, sakafu chini,
nikadhani japo chumba kimoja kingebaki kimesimama.

Kijivu tu. Kijivu, na vidoa vyeusi vidogo kama vya nzi,
kimoja kina mkia.